Mawe Yaliyokataa Kufuata Simu

Siku yangu ya kwanza kufundisha muziki, katika shule moja ya msingi huko Yamumbi, nilitapika nyuma ya jikoni kabla ya kengele. Muziki nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kinanda cha kanisa, na niliogopa watoto wangegundua.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa maneno machache. "Mwalimu, kipindi hiki ni chako mpaka siku ya kufunga shule. Wazazi wasipoona kitu siku hiyo, kipindi kinarudi kwa hesabu."

Nilichagua mchezo wa mawe. Gredi ya Tatu waliketi duara, kila mmoja na jiwe lake. Wakiimba, kila pigo jiwe linapitishwa kulia. Anayechelewa hurundikiwa mawe, anatoka. Pigo ni ule mguso unaorudi sawasawa, kama hatua za mtu anayetembea. Ili mwendo usibadilike hata kidogo, niliweka simu katikati, ilie ti, ti, ti.

Kila walipofika ubeti wa pili, wimbo ulikimbia, ukaiacha simu nyuma. Niliwasimamisha, tukaanza upya. Wiki tano hivyo, na kila kosa nikaliandika daftarini. Waliacha kucheka, kisha wakaacha kuimba kwa sauti.

Zikiwa zimebaki siku mbili shule ifungwe, mwalimu mkuu akasimama mlangoni. "Hawa wanacheza ama wanafanya mtihani?"

Nafula, mmoja wa watoto waliokaa duarani, akanitangulia kujibu. "Mwalimu, huo wimbo lazima ukimbie. Usipokimbia, nani atatoka?"

"Na ukikimbia sana?" nikamuuliza.

"Basi wewe ndiye utatoka."

Darasa lilicheka. Nilizima simu, nikaketi duarani, na kweli nikatoka wa kwanza, mawe manne mapajani. Nikiwa nje ya duara ndipo niliposikia: waliongeza mwendo wote pamoja, na pigo halikupotea. Nilichokiandika kama kosa kilikuwa ndicho mchezo.

Siku ya kufunga, watoto wakicheza mbele ya wazazi, akina mama wawili walivua viatu wakaingia duarani bila kuitwa. Mwalimu mkuu hakunipongeza. Muhula uliofuata, Alhamisi kwenye ratiba iliandikwa Muziki.

Hiyo ni miaka minne sasa, na mkataba wangu umeisha. Kijana anayechukua nafasi yangu aliniomba daftari langu. Nilimpa ndoo ya mawe, nikamwambia aketi chini na watoto kwanza.