Zamu ya Padri

Mwanangu alifungua pakiti ya krayoni mezani, na ile harufu ya nta ikanirudisha kwenye chumba chetu cha Eastlands, chenye pazia katikati.

Mama alikuwa akiwafulia wazungu nguo, nao wakampa boksi la mchezo ambao watoto wao walikuwa wameuchoka. Ndani mlikuwa na dadu ya pande ishirini, ambayo namba zake tulizijaza krayoni nyekundu ili zisomeke. Mimi nilikuwa padri. Kila mara niliinua msalaba wa vijiti, nikarusha dadu, na namba ikiwa kubwa, wafu wanaotembea walikimbia wasirudi tena. Dada yangu mdogo ndiye aliyekuwa wafu wote.

"Leo mimi ndio padri, bana," alisema siku moja.

"Wewe ni mdogo. Lala ufe."

Akalala, akicheka chini ya blanketi.

Homa ilimchukua mvua zilipoanza. Baada ya mazishi, kila asubuhi mama alinisimulia jinsi alivyomwota: amekuja, ameomba chai. Nikaogopa kwamba atakuja kwangu pia, adai zamu yake. Basi mchana mmoja nilijifungia chumbani, nikainua vile vijiti, nikasema, "Rudi ulikotoka," nikarusha dadu.

Ikaja ishirini. Sikuwa nimewahi kuipata.

Mama sasa ni mzee, na bado humwota. Nikimpelekea chai asubuhi huniuliza, "Na kwako, hajakuja?"

"Bado, mama," humjibu.