Mabuti Aliyoyapokea Mkuu Wangu

Mdogo wangu, askari, alikatwa mguu kwa sababu ya buti. Alikuwa doria bondeni Momba, msimu wa mvua, soli ikaachia, kidonda kikaoza ndani ya soksi. Aliyeyapokea mabuti yale alikuwa mkuu wangu katika ofisi ya ugavi ya jeshi hapa Tunduma. Mimi, karani wa kiraia, nilikaa meza ya pili. Siku yalipoletwa, mkuu aliminya ngozi kwa kidole gumba, akasema, "Yanang'aa," akarudi kwenye chai yake.

Nilimchukia, sioni sababu ya kuficha. Mafunzo yake yote yalikuwa semina za hotelini: posho, kuku, cheti. Nikasoma kwa hasira, nikapanda vyeo, mpaka nikapewa kazi ya kubadilisha mafunzo ya maofisa ugavi. Nikaweka kanuni moja: hununui kitu cha askari kabla hujakitumia mwenyewe. Ukinunua hema, lala humo. Ukinunua mabuti, yavae ushuke nayo Momba kwa miguu. Ukifika, umefaulu, unaruhusiwa kununua. Ukiishia njiani, unahamishwa.

Watu wakanisifu eti naboresha kazi. Wapi! Nilikuwa namngoja yeye. Zamu yake ilipofika nikamtolea stoo jozi ya mabuti yale yale yaliyobaki. Mkuki kwa nguruwe huwa mtamu.

"Dada, haya si yaliondolewa?"

"Uliyapokea wewe, afande. Vaa."

Nikamfuata kwa gari, polepole. Soli ya kushoto iliachia kabla hatujamaliza mteremko. Akaifunga kwa kamba ya katani, akaendelea. Nilifurahi, Mungu anisamehe, na asiponisamehe pia sawa. Soksi ilipoanza kulowa damu nikamfungulia mlango.

"Panda, yaishe," nikamwambia, na moyoni nilikuwa naomba apande.

Akatikisa kichwa.

Alifika Momba jioni akichechemea. Mdogo wangu, niliyemleta makusudi aje kumwona akishindwa, alikuwa amekaa kwenye kiti, magongo yake pembeni. Yule mzee akasimama mbele yake, akalia.

"Pole, afande," mdogo wangu akamwambia. Kisha akanigeukia. "Dada, amefika. Msainie."

Kanuni ilikuwa yangu. Nikasaini kwa hasira, nikamrudishia ruhusa ya kununua mabuti.