Siku ya Mbuzi Niliomba Mtori

Mwanangu, safari ile ya kutoka Tunduma bado iko mwilini mwangu: basi baada ya basi, ulimi ukichezea mapengo pande zote mbili. Magego niliyaacha nilikozunguka, Mbeya, Kahama, kwingineko. Mtu asiyekaa mahali hasubiri kutibiwa. Anasema ling'oe, niendelee na safari.

Nilishuka Moshi, nikaingia kliniki ya meno. Daktari, mama asiyependa maneno mengi, alipiga picha ya taya akasema naweza kupandikizwa meno.

"Yatamea?" nikauliza, mtoto wa wakulima wa kahawa.

"Hakuna kinachomea, kaka. Naweka skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa. Mfupa ndio unaoikamata, na hiyo ni kazi ya miezi. Ikishika, navisha jino juu. Ukiitafunia nyama kabla, italegea itoke."

Alitibu fizi kwanza, akapima kisukari, na sigara zangu akanitupisha. Skrubu zikaingia, nikapanda kwetu Mkuu, Rombo.

Ilikuwa Desemba, ukoo mzima umerudi. Baba mdogo Akwilini, mgawaji wa nyama kwetu, alininyooshea kidari cha mbuzi mbele ya watu wote. Kutoka mkononi mwake hakuna anayekataa.

"Nisamehe, baba mdogo. Naomba mtori."

Ndizi za kupondwa, siku ya mbuzi! Siku hiyo mtori hupikiwa mama aliyejifungua.

"Kwani wewe umejifungua lini?" akauliza.

"Nimejifungua skrubu, na bado ni changa."

Wanawake wakaangua kicheko. Baba mdogo hakucheka.

"Chuma kwenye taya! Mungu amekunyima meno, wewe nani wa kubishana naye?"

"Mungu alinipa. Niliyeyang'oa ni mimi."

"Basi kula hiki, au usikae tena na wanaume hapa."

Nikachukua bakuli, nikakaa palepale katikati yao, nikala mtori hadi mwisho.

Sikiliza basi, mwanangu. Jino linaloweza kuzibwa, usiling'oe. Likishatoka, uliza mapema, maana mfupa usio na jino husinyaa. Kupandikiza si kwa kila mtu. Ukiambiwa hufai, meno ya kuvaa si aibu. Ukifaa, vumilia mpaka mfupa ushike, hata wakikucheka. Kisha piga mswaki kila siku: jino lile halitoboki, lakini fizi yake huugua.

Nilipovishwa meno nilipanda kuaga. Baba mdogo alikaa ndani, mlango wazi, akinitazama. "Shikamoo, baba mdogo," nikasema. Hakuitikia. Nikashika njia ya kuteremka, na sijarudi hadi leo, wala sijutii bakuli lile.

Mungu akujalie taya imara, mwanangu, na shingo ngumu kuliko taya.