Fahali Aliyekimbia

Jumamosi asubuhi nilikuwa Kiganjo, kwa kibanda cha chai. Kando yangu alikaa mlinzi wa kiwanda, mzaliwa wa Kakamega, ameshika simu kwa mikono miwili, chai ikimpoea. Fahali wake alikuwa anaingia uwanjani kupigana kule nyumbani.

Mwenye kibanda, huku akigeuza chapati, hakumhurumia. "Mnatesa mnyama halafu mnaita utamaduni!"

"Mama, sisi hatumdungi mkuki. Ni fahali kwa fahali. Mmoja akikimbia, vita imeisha."

"Na ile pombe ya busaa mnamnywesha, aliitisha yeye?"

Mlinzi akanigeukia mimi bibi kizee. "Shosho, nisaidie. Babu alifuga wa kupigana, baba pia. Sasa niache mimi?"

Kabla sijajibu, simu ikalia. Alisikiliza, kisha akafunika macho kwa kofia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtu akifunika macho usimuulize kitu. Nikahisi pembe imemwingia fahali wake tumboni.

"Amekimbia!" mlinzi akapiga kelele. "Ameruka ua, ameingia kwa mahindi ya watu. Hana hata mkwaruzo!"

"Basi umeshindwa," mwenye kibanda akamwambia.

"Nimeshindwa kabisa, asante Mungu!" Akamaliza chai yote kwa mkupuo mmoja, akaitisha chapati mbili, moja yake na moja yangu.

Wasomi waendelee kubishana kama ni utamaduni au ni ukatili. Mimi naona mtu akianza kumshukuru Mungu kwa kushindwa, mchezo wenyewe umeshaanza kumtoka moyoni.