Sinia la Tulinagwe kwenye Friji ya Mkwe

Kyela ina joto la kuyeyusha hata msimamo wa mchungaji, na Tulinagwe wa Ipyana alikuwa amechagua kazi isiyopatana kabisa na joto. Alichapa vitambaa kwa bamba la jelatini, kisha akaviunga kuwa mfarishi wa kutundika ukutani. Majirani walishaacha kumuuliza kwa nini mtu atundike blanketi ukutani halafu usiku alale amejikunyata.

Unga wa jelatini hakuupata popote. Basi alichemsha makongoro mpaka supu ikawa nzito, akaichuja, akaengua mafuta, akaimimina kwenye sinia na kuiweka kwenye friji igande. Ikishaganda inakuwa nyororo kama shavu la mtoto: unaipaka rangi kwa rola, unalaza jani la mkakao, unakandamiza kitambaa, unabandua. Mishipa yote ya jani inabaki pale kitambaani.

Balaa ni kwamba friji ilikuwa moja tu pale nyumbani, nayo ilikaa sebuleni kwa baba mkwe, Mzee Zebedayo. Katika ukoo ule mwiko wa Kinyakyusa haukuwa mchezo: mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, haongei naye, hapiti alipo. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, ameacha mizimu, ameacha na pombe (hadharani), ila mwiko huo hakuugusa. Kila siku Tulinagwe alimsubiri atoke kwenda kusimamia mambo yasiyomhusu, ndipo aingie achukue sinia.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Mzee hakutoka.

Mfarishi ulibakiza kipande cha katikati tu, na basi la mchana la Mbeya ndilo la mwisho la kuuwahisha kwenye maonyesho Dar. Mumewe, Sylvester, alishasema: "Huu nao wakiukataa huko Dar, mama, chumba chako nakifanya stoo ya kokoa. Kokoa inaliwa na Wazungu. Blanketi lako linaliwa na nani?"

Tulinagwe akasimama barazani na ndoo yake ya vifaa, mgongo kwa mlango, kama adabu inavyotaka.

"Mama! Naomba sinia langu."

Mama mkwe, Tusajigwe, akajibu kutoka ndani bila haraka. "Hata salamu ya 'mwagonile' hakuna siku hizi?"

"Mwagonile, mama. Sinia."

"Lile la makongoro? Baba yako ameanza kulila. Anasema umesahau chumvi."

"Mwambie aache! Si chakula!"

"Baba Sylvester, anasema si chakula."

"Muulize," ikaja sauti ya mzee, "ng'ombe alikufa kwa sababu gani sasa?"

"Mkamwana, anauliza ng'ombe..."

"Nimesikia!"

"Hujasikia. Huruhusiwi kumsikia. Anasema limepoa mno, nimelibandika jikoni kidogo."

Tulinagwe akageuka, akaingia.

Mzee aliruka kochini kama kijana, akajifunika kichwa kwa kitambaa cha kochi, akatokea mlango wa nyuma na kijiko mkononi, moja kwa moja kwenye banda la nguruwe. Mama mkwe akapiga yowe kana kwamba nyumba inaungua. Tulinagwe akalinyakua sinia juu ya mkaa, kingo zimeshaanza kuchuruzika, akalitua mezani kwa mzee. Rangi, jani, kitambaa. Akakandamiza.

Alipobandua, bonge zima likang'oka na kitambaa. Nusu ya jani ilitoka vizuri kiasi cha kumliza mtu. Nusu nyingine ilikuwa matope, na katikati pengo jeupe, pana kama kijiko.

Akakishona hivyo hivyo kwenye mfarishi. Muda wa kingine haukuwepo. Dereva wa bodaboda akaondoka nao ukiwa ndani ya mfuko wa mbolea, kuwahi basi.

Jioni Sylvester alifika na bajaji iliyojaa magunia ya kokoa.

"Wazee wanataka kikao, umemvunjia baba heshima. Mfarishi umekwenda?"

"Umekwenda."

"Kile cha katikati kimetoka vizuri?"

Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Kimeharibika."

Sylvester akainamia gunia la kwanza.

"Hawajajibu, Sylvester!"

"Wakijibu vizuri, nitayatoa."

Tulinagwe akatangulia chumbani, akapiga magoti, akaanza kuokota majani yake makavu sakafuni, kabla gunia halijatua.