Hedi Kubwa ya Pikapu ya Chepkurui

Kama ulipeleka gari bovu Nakuru, huko upande wa viwandani, ukaulizia fundi anayejua kusikiliza injini, uliletwa moja kwa moja kwa Odongo. Huyo hakuwa mtu wa kompyuta. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, akaubana mpini sikioni, akafumba macho. Akiyafumbua, anakwambia ugonjwa ni nini. Watu walitoka Subukia na Gilgil kuja kumwona akifumba hayo macho, na siwalaumu, kwa sababu ilikuwa raha kumtazama.

Shida ni kwamba masikio yenyewe yalikuwa yameanza kumwacha. Haya mambo hayaji kwa kishindo. Kwanza ulipotea mlio wa simu, halafu mvua kwenye mabati, halafu Jumapili moja kanisani akabaki anaimba peke yake, tena kwa sauti yote, wimbo wenyewe ukiwa umeisha kitambo. Waumini wakadhani Roho amemshukia. Yeye naye akawaacha wadhani hivyo.

Hakumwambia mtu, hata mkewe Eucabeth aliyekuwa akipika chai na mandazi pale pale gereji. Aliogopa, basi. Babake alikuwa fundi wa reli, maisha yake yote ni nyundo na vyuma, akazeeka akiwa kiziwi. Odongo alikumbuka vile mzee alivyokuwa akiwekwa kwenye kiti uani, watu wanapita wanampungia mkono, kisha wanaendelea na stori zao bila yeye. Mtu mzima, aki, mwenye akili zake timamu! Odongo aliona kuwa siku wateja watakapojua, na yeye atawekwa kitini uani.

Basi asubuhi moja akaja Chepkurui kutoka Mau Narok. Mama huyu analima viazi na kuvileta mwenyewe sokoni kwa pikapu aliyoinunua kwa mtu wa mashindano ya magari. Ina supachaja, ile mashine inayozungushwa na belti na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Kule juu hewa ni nyepesi, na Chepkurui hurudi nyumbani na mbolea tele, mlima wote. Bila supachaja, hafiki.

"Fundi, imekwisha pawa," akasema. "Na kuna mlio. Sasa kuna jamaa ameniambia hedi yangu, hicho kifuniko cha juu ya injini chenye valvu, ni ndogo, hewa ya supachaja inakosa pa kupita. Ananiuzia hedi kubwa, imechongwa njia pana za hewa, na valvu zake kubwa."

"Ati hedi kubwa!" Eucabeth akadakia kule jikoni kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Ati imechongwa, valvu kubwa!"

Odongo alitikisa kichwa. Siku hizi mkewe alirudia kila kitu wateja walichosema. Uzee umemfanya msemaji, alijiambia.

"Itabidi niuze ng'ombe," Chepkurui akaendelea. "Yule mmoja tu anayenipa maziwa. Mnunuzi anakuja jioni. Ila nilisema siuzi kabla Odongo hajasikiliza. Wewe ukisema ni hedi, nauza."

"Ati ukisema hedi, anauza ng'ombe wa maziwa!"

Injini ikawashwa. Odongo akaweka bisibisi juu ya hedi, akafumba macho kama kawaida. Mkononi alihisi mtetemo. Sikioni, kimya. Akahamisha ncha huku na kule, akaukandamiza mpini mpaka sikio likauma. Kimya tu.

Na hapo ndipo wazo baya lilipomjia, tena limevaa vizuri. Sema ni hedi. Ukibadilisha hedi utafungua juu kote, utaondoa belti, utatia spea mpya kila mahali, na huo mlio, popote ulipo, utaondoka na vingine. Hakuna atakayejua kwamba hukusikia. Ni neno moja tu.

Lakini alijua, na hilo halikuhitaji masikio, kwamba hedi kubwa faida yake huonekana injini ikizungushwa mbio kabisa. Gari la Chepkurui linapanda mlima polepole na magunia mgongoni, na hewa tayari linasukumiwa. Hedi ile ingemfaa aliyeuza pikapu, si aliyeinunua. Ila kama hii ya zamani ilikuwa mbovu au nzima, hapo ndipo aliposhindwa kabisa.

Chepkurui alikuwa anamtazama mdomo. Odongo akaufungua.

Mkono ukamshika begani. Eucabeth alikuwa ameacha sufuria jikoni, na unga wa mandazi bado uko vidoleni. Akaichukua bisibisi mkononi mwake, akaweka ncha juu ya hedi na mpini sikioni mwake. Kisha vidole vya mkono wa pili vikaanza kugonga bega la mumewe: tik, tik, tik, vyepesi, sawasawa, bila kuruka.

Odongo aliduwaa. Halafu akafumba macho. Valvu hizo, na ni nzima.

Eucabeth akasogeza ncha hadi kwenye nati inayoshika puli, lile gurudumu la belti ya supachaja. Vidole vikaacha kugonga. Vikaanza kukwaruza shati, kucha zikivutwa kwa kukwamakwama.

"Beringi," Odongo akasema. Akageuka. "Umejua lini?" Alidhani amenong'ona, kumbe gereji nzima imesikia.

"Tangu ule wimbo," Eucabeth akamjibu, uso kwa uso ili aone midomo. "Unafikiri kwa nini mimi hurudiarudia maneno ya watu kama kasuku? Nilikuwa nangoja uniambie, Baba Valarie. Ukakawia sana."

Machozi yalimtoka pale pale mbele ya mteja, na akayaacha yatoke.

"Mama, usiuze ng'ombe," akamwambia Chepkurui. "Hedi yako ni nzima. Beringi ya puli imekufa, belti inateleza, supachaja haisukumi. Hiyo kubwa hata ukiiweka, kule mlimani hutaona tofauti." Akajifuta machozi. "Na jambo lingine. Mimi sikusikia kitu. Masikio yangu yamekwisha. Aliyesikia ni huyu."

Akangoja kile kiti cha babake.

Chepkurui alimtazama, akamtazama Eucabeth. Akatoa simu, akamwambia mtu wa upande wa pili asijisumbue kuja, ng'ombe hauzwi. Kisha akavuta benchi. "Mama Valarie, hayo mandazi yanaungua," akasema. "Niletee yale yaliyopona, ningoje mkinitengenezea."

Alasiri beringi mpya na belti vilikuwa mahali pake. Chepkurui akawasha. Odongo aliokota bisibisi, akampa mkewe. Eucabeth akasikiliza kwenye ile nati, mkono wa pili ukiwa begani kwake, na Odongo akafumba macho akingoja vidole. Havikusogea. Chepkurui akakanyaga mafuta, injini ikapandisha hadi Odongo akauhisi mtetemo nyayoni. Vidole bado havikusogea.

"Vipi?" Odongo akauliza.

Eucabeth hakumjibu kwa mdomo. Aliuacha mkono umetulia pale pale, na hata Chepkurui alipokwisha kutoka getini hakuwa ameuondoa.