Begi la Makoti

Nililitoa begi la makoti kwenye buti la gari nikalificha nyuma ya tangi la maji. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma huko mbele. Sikutumwa na mtu, wala sikuchanganya begi hili na lile. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimeshiba mahamri na mbaazi, na nilitaka kumwona mjomba wangu akitetemeka.

Mjomba, kakake Mama, alikuwa amekuja kwetu Dubai kutoka Mombasa kutafuta kazi, akawekwa chumbani kwangu yeye na mikoromo yake. Kwetu mjomba na mpwa ni watani. Yeye alinificha viatu asubuhi za shule, mimi nikamtia chumvi kwenye chai, na hakuna aliyekuwa na haki ya kununa. Wiki ile watu wa utabiri walisema hewa ya baridi inashuka kutoka kaskazini, upepo wa shamali utachapa jangwa na mvua itanyesha milimani. Mjomba akasema watu wa Dubai hawajui baridi, wanajua kiyoyozi. Yeye aliwahi kulinda shamba la chai Limuru miezi saba, na shati moja.

"Mpwa, baridi ya huku mimi naitafuna," aliniambia.

Siku ya safari yetu ya mlimani nikamwona anapakia koti. Koti nene la kuazima, lenye manyoya kofiani. Hapo nikaona nina kazi. Tatizo ni kwamba koti lenyewe lilikuwa ndani ya begi kubwa la Mama, chini kabisa, na zipu iligoma. Nikabeba begi zima.

Ndani yake mlikuwa pia na vitu vya mdogo wangu. Ana miaka tisa na ana sikoseli. Baridi ikimpiga, damu hukwama njiani, mifupa ikaanza kumuuma, na akianza kuumwa nyumba nzima huongea kwa kunong'ona. Alikuwa ameona video ya barafu kwenye vioo vya magari kule juu ya mlima Jabal Jais, akaomba aende akaiguse. Mama alikataa mara nne. Mara ya tano alimuuliza daktari wa kliniki, naye akasema aende, ila avishwe mpaka ashindwe kukunja mikono, anywe maji, na asikae sana. Ndipo Mama akapakia koti lake, soksi za kuvaa juu ya soksi, glavu, kofia na blanketi. Bila begi lile mtoto asingepanda mlima.

Hayo yote niliyajua, wala sikuyasahau. Niliyasukuma pembeni tu, kama ninavyosukuma hesabu za shule, kwa sababu pale nyumbani Rashidiya ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka, nami nimevaa fulana.

Kuna na hili la gari. Baba huuza vipuri vya magari makuukuu kule Ras Al Khor. Hita ya gari letu ilipoanza kuvuja, aliziba mabomba yake, hita ikafa, na maisha yakaendelea. Mafundi wote wa huko hufanya hivyo. Katika mji ambao watu wanaomba AC isiwafie barabarani, nani atapoteza siku nzima kutengeneza hita? Hakuna aliyelikumbuka jambo hilo, hata Baba mwenyewe.

Tulipoyaacha majengo, upepo ulitukuta. Jangwa lilikuwa limeamka vibaya. Mchanga ulikatiza barabara kwa mistari mistari, ukagonga milango kama mtu anayerusha mchele kwa hasira. Ngamia walikuwa wameugeuzia matako, na sikuwalaumu. Mbele, mahali pa milima, palikuwa na ukuta wa rangi ya jivu. Baba akauliza kama si afadhali turudi. Mjomba akacheka, akasema kama ni barafu tunayoifuata basi ndiyo hiyo inatuita. Mdogo wangu alibandika paji la uso kwenye kioo. Tukaendelea.

Tulisimama kutia mafuta kabla ya kuanza kupanda. Mlango ulipofunguliwa, baridi ikatuzaba makofi. Mjomba akaisukuma mikono yake chini ya mapaja. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, bado tulikuwa chini, na kugeuza gari ilikuwa kazi ya dakika moja. Sikusema. Nilikuwa nacheka moyoni.

Juu mvua ilikuja na vipunje vya barafu. Mawe madogo yalianza kuporomoka kutoka ubavuni mwa mlima, polisi wakazuia magari, ya kupanda na ya kushuka, mpaka tingatinga lije kusafisha. Tukakwama kwenye kona, magari mbele, magari nyuma, korongo upande mmoja. Kipimo cha gari kilisema digrii tisa, baadaye sita, baadaye nne. Watu wa magari mengine walishuka na makoti yao na chupa zao za chai ya karak, wakapiga picha mawingu. Niliwachukia wote, hata watoto wachanga.

"Mama, miguu," alisema mdogo wangu.

Sote tulijua maana yake. Baba akazungusha kitufe cha hita. Ukatoka upepo wa baridi. Akakizungusha tena, taratibu, kana kwamba gari litamsamehe. Mama akasema lishushwe begi.

Tulikwenda nyuma ya gari watatu: Mama, Mjomba na mimi. Mama akatoa jiko, mkeka, sufuria ya pilau, akainua mpaka zulia la tairi la akiba. Mvua ilikuwa inamchirizika kwenye buibui. Mjomba akaapa kwamba alilitia begi kwa mikono yake mwenyewe. Alipoanza kuapa mara ya pili, nikasema.

"Nililitoa mimi. Liko nyuma ya tangi. Nilikuwa namfanyia Mjomba utani."

Nadhani nilitabasamu. Uso wangu umezoea hivyo, hata msibani nimewahi kufinywa kwa sababu yake. Mama alinitazama, akafunga buti, akarudi kwa mtoto. Mjomba hakunipiga. Alivua sweta na shati, akabaki na singleti, akaingia kiti cha nyuma na kuiweka miguu ya mdogo wangu juu ya tumbo lake. Mama akamfunga mtoto kwa leso zake za kujitanda, na mkeka juu yake. Mjomba alitetemeka mpaka kiti kikatetemeka naye. Nilichokuja kukitazama nilikitazama saa nzima, kutoka umbali wa mkono mmoja.

Baba alitaka kuwasha jiko ndani ya gari. Mama akamkatalia, akamwambia moshi utatuua sote kabla ya baridi. Basi Baba akatoka, akapita gari kwa gari akigonga vioo. Mzee mmoja Mwarabu alikuja na joho lake zito la ngozi ya kondoo, akamfunika mtoto, akawahamishia yeye na Mama kwenye gari lake lenye hita. Kisha akanigeukia, akaitazama fulana yangu, akasema kwa Kiarabu kwamba watu wanaopanda mlima hivi hawana akili, na mwenye mtoto mgonjwa ndiye hana kabisa. Baba, ambaye Kiarabu chake ni cha kuuzia vipuri tu, akaniuliza mzee anasema nini.

"Anasema pole," nikamjibu.

Barabara ilipofunguliwa, mzee yule aliwapeleka mpaka hospitali ya kule chini. Mdogo wangu alilazwa siku tatu, na dripu mkononi. Usiku wa kwanza alilia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kulimuuma kifua.

Baba alitengeneza hita kesho yake, kwenye jua kali la Ras Al Khor, na hakunikubalia hata kumshikia spana. Mjomba alihamia kwenye kochi la sebuleni. Kila asubuhi niliamka nikavikuta viatu vyangu mlangoni, vyote viwili, palepale nilipoviacha.

Siku zote hizo Mama alipopiga simu kutoka hospitali hakuniambia zaidi ya kula na oga. Siku waliyorudi nyumbani alimlaza mtoto, akaja jikoni nilikokuwa naosha vyombo bila kuambiwa. Nikaanza kusema kitu, akainua mkono. Alikausha kikombe kimoja, akakiweka kabatini, kisha akasema:

"Ameniuliza begi lilikuwa wapi. Nimemwambia mimi ndiye niliyelisahau, na amenisamehe. Ukitaka akusamehe na wewe, nenda kamwambie mwenyewe. Hutaki, nyamaza, kosa hilo nitabaki nalo mimi."